Doa lililorudi mara tatu: shajara ya kuikausha nyumba

Siku ya 1

Doa limerudi. Liko palepale kwenye dari ya ukumbi, kati ya taa na mlango wa chumba cha baba, na rangi yake ni ileile ya majani makavu. Nimelipaka rangi mara tatu ndani ya miaka miwili. Mara ya kwanza nilitumia rangi ya maji ya kawaida, doa likapenya baada ya wiki moja. Mara ya pili nilitanguliza rangi ya mafuta, likatulia miezi mitano. Mara ya tatu nikaziba hata ufa mwembamba uliokuwa pembeni yake, nikajipongeza. Usiku wa jana mvua imenyesha, na asubuhi hii limetokeza likiwa kubwa kuliko kiganja changu.

Methali ya ufa na ukuta tunaijua sote. Mimi ufa niliuziba, tena kwa bidii. Kumbe ufa ule haukuwa unaleta maji. Ulikuwa mlango wao wa kutokea tu.

Kwa hiyo leo sijagusa brashi. Kwanza nimezima umeme wa taa za ukumbi kwenye swichi kuu, maana doa na taa vimepishana kama nusu mita. Kisha nimepanda ngazi, nikaibonyeza dari kwa vidole. Ina unyevu lakini haijatuna. Ingekuwa imetuna kama tumbo ningeweka ndoo chini na kuitoboa katikati kwa bisibisi, maji yatoke mahali pamoja, kuliko kusubiri dari nzima idondoke. Halafu nimechukua penseli, nikachora mstari kufuata ukingo wa doa mzunguko mzima, nikaandika tarehe kwa herufi ndogo.

Baba alikuwa ameketi akinitazama. "Sasa unaandika barua darini, mwanangu?"

Nikamwambia nataka kujua linakua lini na kiasi gani. Akanyamaza. Nyumba hii aliijenga yeye, na kila kasoro ninayoitaja huisikia kama lawama.

Nimejiwekea sharti moja: hakuna rangi itakayopakwa popote mpaka nijue maji yanaingilia wapi. Na kwa kuwa nimeshaanza, nitaikagua nyumba yote, kuanzia mita ya maji hadi kofia ya paa, lile bati la kileleni.

Siku ya 2

Nimeanza na mita kwa sababu haihitaji kupanda popote. Jana saa nne usiku, watu wote wakiwa wameshaoga, nilifunga koki zote na kusoma: 0847.362. Tarakimu nyeusi ni mita za ujazo, zile nyekundu za mwisho ni lita. Nikawaomba wote wasivute choo hadi alfajiri, ombi lililozua mjadala mrefu kuliko nilivyotarajia. Saa kumi na moja na nusu nikasoma tena: 0847.389.

Lita 27 zimepita sisi tukiwa usingizini. Hizo ni lita 3.6 kwa saa, kama lita 86 kwa siku, zaidi ya lita 2,500 kwa mwezi. Wala hakuna koki inayodondoka, wala sakafu iliyolowa.

Katikati ya uso wa mita kuna kigurudumu chekundu chenye meno, kidogo kama kifungo cha shati. Kinazunguka hata maji yakipita kwa uchache sana. Nilikaa nikikimulika kwa tochi: kinatambaa, kinasita, kinatambaa tena. Nikamtuma mwanangu mkubwa afunge koki ya choo cha nje, kigurudumu hakikujali. Alipofunga ya choo cha ndani, kikapunguza mwendo waziwazi. Hakikusimama.

Kuhakikisha, nimedondosha rangi ya chakula ndani ya tangi la choo hicho na kuliacha dakika 20 bila kuvuta. Maji ya kwenye bakuli yamegeuka zambarau. Ule mpira wa chini ya tangi, unaonyanyuka ukivuta, umekakamaa na ukingo wake umefanya mawimbi. Ukiubonyeza unakuachia weusi kidoleni. Nimeweka mpya mwenyewe bila spana wala chombo chochote.

Choo kinachovuja namna hii hakiharibu nyumba, kinakula maji tu. Kinachonisumbua ni ule mwendo mdogo uliobaki, kwa sababu hayo maji mengine sijui yanakwenda wapi.

Siku ya 3

Leo nimefanya kosa, na ninaliandika kama lilivyo.

Nilitaka kufunga koki kuu ili nijue kama mvujo uliobaki uko ndani ya nyumba au kwenye bomba lililofukiwa kati ya mita na ukuta. Hesabu yake ni nyepesi: ukiifunga koki kuu na mita ikaendelea kuzunguka, bomba la ardhini linavuja. Ikisimama, tafuta ndani. Tatizo ni kwamba koki yetu haijafungwa tangu nikiwa shule ya msingi. Imekaa nyuma ya vyungu vya maua, ina usukani mwekundu uliomegwa na kutu. Kwa mkono haikutikisika. Nikaleta spana kubwa, nikaegemea. Ikazunguka nusu duara, halafu maji yakaanza kuchuruzika pale mti wa usukani unapoingilia kwenye koki.

Fundi bomba alipofika aliinama, akatazama, akacheka kwa adabu. "Dada, koki iliyolala miaka yote hii haiamshwi kwa spana."

Akanionyesha. Chini ya usukani kuna nati ndogo inayobana nyuzi za kuzuia maji. Akaikaza robo mzunguko tu, mchuruziko ukakoma. Kisha akaufanya usukani uende kidogo na kurudi kidogo, mbele, nyuma, kwa dakika kadhaa, bila nguvu. Ikafunga, lakini siyo yote. Koki za aina hii ya zamani zina kipande cha shaba kinachoshuka kama pazia, na mchanga na magamba ya bomba hujikusanya pale pazia linapotakiwa kukanyaga.

Tumeing'oa. Amefunga maji kwenye mita na kuweka koki ya mpini, ile yenye tufe lililotobolewa ndani. Robo mzunguko inatosha. Mpini ukilala sambamba na bomba maji yanapita, ukilikingama yamefungwa, kwa hiyo hata mtu asiyejua chochote anaona hali yake kwa mbali. Vyungu vya maua vimehama.

Jioni tumefanya mazoezi, kila mtu kwa zamu, kutoka jikoni hadi kwenye koki. Mdogo wa mwisho, mwenye miaka tisa, ametumia sekunde 22. Baba amekataa kukimbia lakini ameshika mpini, akaufunga, akaufungua, akasema ni laini. Bomba likipasuka, hasara hutegemea sana dakika zinazopita kabla ya mtu kufunga maji, na hapa kwetu hadi jana hakuna aliyeweza kuyafunga kabisa.

Na jibu nililolitafuta: koki kuu ikiwa imefungwa, kigurudumu chekundu kimekufa. Mvujo uko ndani.

Siku ya 5

Nimeupata kwa karatasi ya chooni. Nimezunguka kila kiungo cha bomba ninachokifikia, nikikipangusa kwa kipande kikavu na kukitazama. Macho hudanganywa na mng'ao wa chuma, lakini karatasi ikilowa imelowa. Chini ya sinki ya jikoni, kiungo cha nyuma kabisa kimeacha alama kama ya kidole. Ubao wa nyuma ya kabati umevimba na kubanduka tabaka mbilimbili kama kitabu kilichosahauliwa mvuani. Tulikuwa tumeuficha kwa sufuria.

Nilikifungua kiungo, nikasafisha nyuzi zake za kukazia kwa brashi ya waya, nikazungushia tepu nyeupe ya bomba. Kikavuja zaidi. Niliizungusha kinyume: nilipokuwa nikikaza, nati ilikuwa ikiisukuma tepu na kuibandua. Ushike mwisho wa bomba ukikutazama, kisha zungusha kufuata mshale wa saa, mara nne, ukiivuta kidogo ikae ndani ya nyuzi. Mara ya pili kimekauka. Usiku mita haijasogea hata tarakimu moja.

Kwa kuwa nilikuwa nimeshapiga magoti, nimetazama mipira ya mashine ya kufulia. Mmoja una uvimbe karibu na shingo, kama jipu linaloiva. Mipira hii hubeba msukumo wote wa maji usiku na mchana, mashine ikiwa imezimwa au inafua. Nimeweka miwili mipya iliyovikwa wavu wa chuma, nikaandika mwaka kwa kalamu ya wino mzito. Baada ya miaka mitano itabadilishwa hata kama inaonekana mizima. Tukisafiri, koki yake inafungwa.

Fundi amerudi na kipimo cha msukumo. Mchana ni bar 4.8. Amekiacha usiku kucha, na asubuhi sindano ya kumbukumbu imesimama kwenye 6.2, kwa sababu usiku watumiaji ni wachache na msukumo hupanda. Zaidi ya bar 5.5 viungo na mipira huchoka upesi. Ameweka kipunguza msukumo na kukirekebisha kwenye bar 3. Kuna jambo sikulitarajia: ule mgongo wa bomba uliokuwa ukigonga ukutani kila tunapofunga koki ya bafuni umenyamaza.

Siku ya 9

Juu ya dari. Nimeahirisha siku hii kwa sababu ya joto na vumbi, na kwa sababu ya popo ambao hawapo lakini ninawaamini.

Nimepanda saa saba mchana, jua likiwa kali, nikitembea juu ya mbao za kenchi tu, kwa maana dari yenyewe haibebi mtu. Jambo la kwanza: nimezima tochi na kusubiri macho yazoee giza. Paa zima likageuka anga. Nimehesabu vitone saba vya mwanga. Sita viko kwenye misumari ambayo washa zake, vile viduara vya mpira chini ya kichwa, zimekauka na kupasuka. Kimoja ni kikubwa zaidi, kina umbo la nusu mwezi.

Hakuna hata kimoja kilicho juu ya doa.

Nikawasha tochi na kulianza doa kwa upande wa pili. Juu ya ubao wa dari kuna duara jeusi, na katikati yake kichwa cha msumari wenye kutu. Juu ya msumari huo kuna mbao ya kenchi, na ubavuni mwa mbao umetambaa mstari mweusi, mwembamba kama kamba ya kiatu, ukipanda kuelekea kofia ya paa. Nimeufuata kwa tochi na kidole. Unapanda mita moja, unakutana na papi, mbao ya kukingama inayoshikilia bati, unahama upande, unapanda tena. Mwisho wake uko mita 2.4 kutoka kwenye doa, chini ya kile kitone cha nusu mwezi.

Maji yaliingia pale. Yalishika mbao badala ya kudondoka, yakateremka nayo hadi palipo chini zaidi, yakakutana na msumari wa dari, yakaona njia. Kwa miaka miwili nilikuwa nikipaka rangi mwisho wa safari yao.

Siku ya 10

Mstari mweusi ni ushahidi wa zamani, nimetaka wa leo. Mwanangu mkubwa nje na mpira wa kumwagilia, mimi juu ya dari na tochi. Sheria ni moja: unaanza chini kabisa ya paa na kupanda polepole, dakika kumi kila sehemu. Ukianzia juu, maji yatateremka kwenye kila tundu kwa pamoja na hutajua ni lipi. Na hunyunyizi kwa nguvu kuelekea juu, maana mvua hainyeshi hivyo.

Sehemu ya kwanza, kavu. Ya pili, kavu. Ya tatu, tone moja kwenye msumari wa pembeni, nikaliwekea alama ya chaki. Ya nne, dakika ya sita, nusu mwezi ukatoa utando wa maji uliong'aa, ukashika mbao na kuanza kuteremka bila sauti. Nimepiga kelele kama niliyeshinda bahati nasibu.

Aliyekuwa nje akaniambia kilichopo juu ya tundu hilo: mguu wa dishi la televisheni. Aliyelifunga alitoboa bati kwenye bonde lake, palepale maji ya mvua yanapopita, akakaza skrubu bila washa, akaenda zake. Mfungaji wa bati anayejua kazi hupiga msumari kwenye mgongo wa bati. Mgongoni maji hupita pembeni ya tundu, bondeni hupita juu yake.

Siku ya 12

Dishi limehamia ukutani. Pale palipotobolewa, fundi wa mabati amesugua kutu hadi chuma kikang'aa, akapaka gundi ya kuzibia paa, akalaza kiraka cha bati lenye mikunjo ileile, upande wake wa juu ukiingia chini ya ukingo wa bati la kofia ili maji yasipate mdomo wa kuingilia, kisha akakibana kwa rivet na gundi tena. Ile misumari sita imeng'olewa na kuwekwa skrubu nene kidogo zenye washa mpya. Anasema skrubu ikazwe hadi washa ibonyee kidogo tu. Ikikazwa hadi mpira umwagike pembeni, mwaka haupiti bila kupasuka.

Nilitamani kupaka dari rangi jioni hiihii. Sikupaka.

Siku ya 16

Gata, mfereji wa ukingoni mwa paa. Nimetoa ndoo tatu za majani na udongo, na mche wa mti wenye majani manne ambao nimeona huruma kuung'oa.

Watu huidharau gata kwa sababu hawajapiga hesabu ya mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Upande wa nyuma wa paa letu, ukiupima kwa kivuli chake chini, ni mita 60 za mraba. Mvua ya milimita 30, ambayo ni mvua nzuri tu ya alasiri, inaleta lita 1,800. Gata ikiziba, zote zinamwagika kwenye ubao wa ukingoni na kuteremka ukutani. Isipoziba, zote zinapelekwa kwenye bomba moja. Bomba letu lilikuwa likizimwaga sentimita 20 kutoka kwenye msingi.

Nimevuta uzi kutoka mwanzo wa gata hadi kwenye bomba, nikaweka pimamaji. Ina urefu wa mita 9, ilitakiwa ishuke kama milimita 3 kwa kila mita, yaani milimita 27 kwa jumla. Badala yake imelala katikati kama machela, vishikio viwili vimeachia mbao. Nimeongeza vishikio vitatu na kuinyanyua. Nimemwaga ndoo ya maji upande wa juu na kusikiliza: yameondoka yote, hakuna dimbwi lililobaki. Bomba la mvua nimeliongezea mita 2 chini, likamwage kwenye mtaro.

Siku ya 19

Ukuta wa chumba cha nyuma una unyevu hadi sentimita 64 kutoka sakafuni, na juu ya unyevu kuna chumvi nyeupe kama unga. Rangi imebambuka. Kabla ya kuulaumu msingi nimefanya jaribio la nailoni: kipande cha nusu mita kwa nusu mita kimebandikwa ukutani kwa tepu pande zote nne, siku mbili. Maji yakijikusanya upande wa nje wa nailoni, ni unyevu wa hewa ya chumba unaogeuka maji kwenye ukuta baridi, dawa yake ni madirisha. Yakijikusanya nyuma yake, yanatoka ndani ya ukuta.

Leo nimeibandua. Nyuma palikuwa na jasho.

Unyevu unaopanda kutoka ardhini hauendi juu bila kikomo, kwa kawaida huishia kama mita moja. Ungekuwa juu ya dirisha ningeangalia paa. Huu wa kwetu una sura ya ardhi.

Siku ya 20

Nje ya ukuta huohuo kuna bustani ya maua ya baba. Nimechimba kwa uangalifu kando ya ukuta, nikakuta kile ninachokitafuta: ukanda mweusi wa nailoni kati ya msingi na tofali la kwanza, ule unaozuia unyevu usipande. Upo, mzima, umelazwa vizuri. Ila udongo wa bustani umepanda sentimita 10 juu yake. Maji yanauruka ukanda kwa nje na kuingia kwenye tofali kana kwamba haukuwekwa.

Nimemwita baba. Nilitaka kueleza, akanizuia kwa mkono. Akachuchumaa, jambo ambalo magoti yake hayalipendi, akaupangusa ukanda kwa kidole gumba. "Huu niliuweka mwenyewe," akasema. "Siku ile mvua ilitukuta hapahapa." Kisha kwa muda mrefu hakusema kitu. Kisha: "Na udongo huu pia nimeuleta mwenyewe. Kila mwaka toroli mbili."

Udongo wa nje unatakiwa uwe angalau sentimita 15 chini ya ukanda. Kwa hiyo tunashusha sentimita 25, urefu wa mita 6. Na uso wa ardhi uteremke kuondoka nyumbani, sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza. Maua yamehamishwa, na aliyepanga yahamie wapi ni yeye, siyo mimi.

Siku ya 23

Kuchimba kumekwisha. Mgongo pia.

Ndani nimebandua lipu iliyokufa na kuondoa chumvi kwa brashi kavu. Ukiiosha, maji huiyeyusha na kuirudisha ukutani, kisha ukuta ukikauka inatoka tena. Kabati limesogezwa sentimita 10 kutoka ukutani. Nyuma yake kulikuwa na kuvu nyeusi, na zulia lililokuwa limekunjwa pale limetupwa. Kitu kilicholowa kikiachwa zaidi ya siku moja au mbili, kuvu huanza. Hilo zulia lilikuwa na miezi.

Siku ya 27

Bafuni, kwa ufupi. Silikoni kati ya hodhi na ukuta ilikuwa imeachia, maji yakipita nyuma. Niliikwangua yote, nikapangusa kwa spiriti, nikapaka mpya, nikangoja saa 24. Mtu wa kwanza kuoga, ikafunguka tena kama zipu. Hodhi lenye maji na mtu hushuka milimita kadhaa, na mimi nilikuwa nimeziba likiwa tupu. Nimerudia: hodhi limejazwa maji kwanza, limezibwa likiwa zito, likaachwa hivyohivyo hadi kesho yake ndipo likamwagwa. Sasa silikoni inabanwa badala ya kuvutwa.

Watoto wamefurahi kukosa kuoga siku mbili.

Siku ya 41

Mvua kubwa, ya kwanza tangu kiraka. Imeanza saa nane usiku. Nimepanda juu ya dari nikiwa na tochi na koti, nikakaa kwenye mbao kama mlinzi. Kelele ya bati inaziba masikio. Mbao ya ule mstari mweusi nimeishika kwa kiganja dakika nzima: kavu. Skrubu sita zilizochukua nafasi ya misumari: kavu. Kuna tone moja karibu na kofia, upande ambao sikuufikia kwa mpira wa maji. Nimeliwekea chaki na kopo.

Asubuhi, doa la ukumbini halijavuka mstari wa penseli. Nje, mtaro ulikuwa ukikimbia maji ya matope, na kando ya ukuta udongo umelowa juujuu tu.

Siku ya 44

Lile tone ni la skrubu ya kofia. Washa mpya, dakika tano.

Siku ya 74

Unyevu wa chumba cha nyuma umeshuka kutoka sentimita 64 hadi 53. Mafundi husema ukuta hukauka kama sentimita 2.5 za unene kwa mwezi, na wetu ni wa sentimita 15, kwa hiyo safari bado. Sitapiga lipu mpya kwa sasa. Dirisha linafunguliwa kila asubuhi.

Mita ya usiku inasomwa mara moja kwa mwezi, na koki kuu inafungwa na kufunguliwa siku hiyohiyo ili isilale tena. Zamu hii ni ya mdogo. Ameshuka hadi sekunde 17.

Leo nilipoingia chumba cha nyuma na futi, nilikuta tayari kuna mstari mpya wa penseli ukutani, umenyooka kuliko yangu yote, na tarehe yake imeandikwa kwa mwandiko wa kizamani wenye mikia. Baba alikuwa kibarazani. Akauliza kopo la rangi ya ukumbini nitalifungua lini. Nikamwambia zikipita mvua nyingine mbili.

"Tatu," akasema.